Gari Lililokesha

Fundi alikuwa mtu wa kuhakikisha. Akifunga mlango, aliusukuma kwa bega kuona kama kweli umefungika. Akifunga bomba, alikinga kiganja chini yake akasubiri tone. Jiko la gesi alilizima, akaliinamia na kulinusa, kisha kabla ya kulala akarudi kulinusa tena, maana pua nayo huweza kukosea. Dukani kwake, chumba chembamba kilichobanwa kati ya kinyozi na muuza viatu, hakuna saa iliyotoka mikononi mwake kabla haijalala usiku mzima ikilinganishwa na nyingine, hata kama alichobadilisha ni mkanda tu. Wateja walinung'unika, wakarudi kesho yake, wakazikuta saa zao zinakwenda vizuri vilevile kama zilivyokuwa zikienda jana.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, ndiye aliyempa jina la Hakikisha. Jina likashika. Siku moja kinyozi alimwita hivyo mbele ya mteja mgeni, na yule mgeni, akidhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake, akamuaga kwa heshima zote: "Asante sana, Bwana Hakikisha." Fundi hakumsahihisha. Moyoni alilipenda. Aliona watu wanamcheka kwa tabia ambayo, wangekuwa nayo wao, wangelala usingizi mzuri zaidi.

Jumamosi ile asubuhi alikuwa mezani na chai yake, akisubiri kuona juma linaisha vipi.

Lilikuwa juma la majaribio, na aliyekuwa akijaribiwa ni binti yake wa mwisho, ambaye nyumba nzima ilimwita Kitinda. Kitinda alikuwa mwokaji wa keki. Alioka jikoni kwa mama yake, na keki zake zilisifiwa na kila aliyezionja. Shida ilikuwa kuzifikisha. Alizipeleka kwa pikipiki, amekaa nyuma ya dereva na boksi amelikumbatia, na keki iliyotoka nyumbani na ghorofa tatu iliweza kufika na mbili, ile ya tatu ikiwa imelala mgongoni mwa dereva. Leseni alikuwa nayo. Gari lilikuwepo uani, dogo, la rangi ya maziwa, kazi yake kumpeleka Fundi dukani na kumrudisha. Kilichokosekana ni ufunguo.

Mama yake ndiye aliyemsemea, tena kwa muda mrefu, mpaka siku moja Fundi akaweka kijiko chini.

"Juma moja," alisema. "Alitumie juma moja, na kila jioni lirudi kama lilivyotoka. Likiisha salama, ufunguo ni wetu sote wawili. Ukitokea uzembe hata mmoja, hata mmoja tu, habari za ufunguo nisizisikie tena mwaka huu."

"Sawa," mkewe akasema. "Na wewe usimpekue mtoto. Sitaki kukuona unalizunguka gari kila akirudi kama askari wa mpakani. Unamwamini au humwamini, chagua moja."

"Sitamfuatilia."

"Apa."

"Mama Kitinda, mimi ni mtu mzima."

"Ndiyo maana nikasema apa."

Akaapa.

Siku zilikwenda, gari likitoka na kurudi bila mkwaruzo. Hii sasa ilikuwa siku ya mwisho, na ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote. Keki ilikuwa ya harusi. Meneja wa ukumbi, mama mmoja asiyecheka ovyo, alikuwa amemwambia Kitinda waziwazi kwamba keki ikifika mapema, tena ikiwa nzima, kila harusi itakayofanyika pale ataitiwa yeye. Isipofika, waokaji wako wengi.

Kitinda akatoka jikoni, krimu imemrukia mpaka kwenye nyusi, akanyoosha mkono bila kutazama kwenye msumari wa kando ya mlango, ambapo ufunguo ulitundikwa tangu gari liingie nyumba ile. Mkono ukagusa ukuta.

"Baba, umeuchukua ufunguo?"

"Niuchukue niende nao wapi? Mwenye gari juma hili ni wewe."

"Jana niliutundika hapa. Ulikuwa umekaa hapohapo, ukanitazama."

Kweli alimtazama. Alikumbuka vizuri kumwona akiinua mkono. Kama ule mkono ulikuwa na ufunguo ndani yake, hilo sasa aliona hawezi kuliapia.

Wakatoka uani. Gari lilikuwa limeelekeza pua ukutani, limetulia kama lililoadhibiwa. Milango haikuwa imefungwa. Ufunguo ulikuwa kwenye swichi yake, na haukuwa umezimwa. Ulikuwa umezungushwa hadi pale ambapo taa zote za dashibodi huwaka kabla injini haijaamshwa. Ila sasa hakuna hata taa moja iliyokuwa ikiwaka. Zilikuwa zimekesha usiku kucha zikiangazia kiti kitupu, mpaka betri ikaishiwa nguvu.

Kitinda akaingia, akajaribu kuliwasha. Tik, likasema gari. Tik. Tik.

Ilikuwa sauti ambayo Fundi ameishi nayo miaka yote, na ndiyo iliyomlisha. Ikitoka kwenye saa ni dalili ya uzima. Ikitoka chini ya boneti, habari ni nyingine.

"Umeuacha umewashwa," akasema.

"Sikuuacha, Baba."

"Basi umejizungusha wenyewe."

"Nilizima. Nikautoa. Nikafunga milango, nikaja nikautundika."

"Halafu ukashuka msumarini ukarudi kwenye gari."

Mtu aliyetulia angejiuliza maswali mawili matatu hapo. Angejiuliza, kwa mfano, dereva anawezaje kuzima injini na papo hapo akaacha taa zile zikiwaka, kama hakuna mtu aliyeuzungusha ufunguo mara ya pili. Fundi alikuwa mtu aliyetulia siku nyingine zote.

"Kwanza kuna ile kengele," Kitinda akasema. "Magari yote, ukifungua mlango na ufunguo bado uko ndani, yanapiga kelele. Ningesikia."

"Hili halina kengele."

"Lilikuwa nayo," mkewe akasema. Alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. "Uliikata waya mwenyewe."

Ni kweli. Aliikata juma lilelile gari lilipofika, akisema kengele ile imewekwa kwa ajili ya watu wasiojiangalia.

"Hapa hatuzungumzii kengele," akasema Fundi. "Tunazungumzia uzembe."

Kitinda akashuka, akatazama dirisha la jikoni, ambako keki ilikuwa imesimama mezani vipande vitatu, kila kimoja kwenye boksi lake, nyeupe kama shuka za hotelini. Midomo ikamtetemeka. Hakulia. Akarudi kukaa kwenye usukani, mikono mapajani, akatazama mbele. Alikaa hivyo muda mrefu, akitazama palepale, na midomo ikaacha kutetemeka. Fundi aliona binti ameanza kuyakubali makosa yake, na moyo ukamlainika kidogo. Kidogo tu.

Mkewe alikuwa amekwisha kumpigia simu kaka yake.

Mjomba alikuwa na lori dogo la kusambaza mitungi ya gesi, na hakuhitaji honi; mitungi yenyewe ilimtangulia kwa kugongana tangu mwanzo wa mtaa. Akaliingiza uani kinyumenyume, akashuka na nyaya zake shingoni kama mtu aliyevaa nyoka wawili, mwekundu na mweusi.

"Siamini," akasema. "Nyumbani kwa Hakikisha gari linalala macho wazi? Shemeji, siku nyingine hata mkisema jua limechomoza magharibi nitakuja kuangalia."

"Si mimi."

"Ah, bila shaka si wewe. Wewe unanusa gesi mpaka mitungi inakuonea haya."

"Mjomba, tufanye haraka," Kitinda akasema kutoka ndani ya gari. "Keki inasubiriwa."

"Tunafanya, mama. Lingekuwa la gia za mkono tungelisukuma hadi kona likaitika. Haya ya otomatiki ukiyasukuma yanakusindikiza tu." Akafungua boneti. "Haya, Shemeji, mshtakiwa ni nani?"

Hapo Fundi alipaswa kunyamaza. Lakini alikuwa na shahidi, alikuwa na kosa, alikuwa na ua mzima wa kumsikiliza, na ni mara chache mtengeneza saa hupata mambo hayo yote kwa pamoja. Akajikohoza.

"Tulipatana kitu hapa nyumbani," akasema. "Mama Kitinda anajua. Gari si keki. Ukikosea huwezi kupaka krimu juu ukaficha. Betri hii ingeweza kufa kabisa. Kwa hiyo nasema hivi, na Mjomba asikie: aliyeacha ufunguo huu umewashwa hataushika tena mwaka huu. Si kuendesha, si kuusogeza, hata kuusafisha."

"Baba," akasema Kitinda taratibu. "Na kama si mimi?"

"Awe nani, basi? Jirani?"

"Nauliza tu. Hukumu hiyo ni ya huyo aliyeuacha, awe yeyote?"

"Awe yeyote."

"Hata mama?"

"Hata mama yako. Hata Mjomba wako. Sheria haina jamaa."

"Hata..."

"Awe yeyote, Kitinda! Nimeshasema."

"Mjomba, umesikia?"

"Nimesikia," Mjomba akasema, akimtazama mpwa wake kwa jicho la kushangaa kidogo. "Nimesikia mpaka nimeogopa. Shemeji, shika hapa."

Kibanio kimoja cha waya kilikuwa kimelegea meno, hakikukamata vizuri kwenye betri bila mkono wa mtu. Fundi akakishika. Kichwa cha betri kilikuwa kimeota unga mweupe, na Mjomba akauliza kama ni wa kukwangua au uachwe. Fundi akainama aangalie vizuri, na mkono wake mwingine, kwa mazoea, ukaenda kwenye mfuko wa shati.

Mfuko ulikuwa mtupu.

Humo ndimo kilimokaa kioo chake cha jicho, kile kikombe kidogo cheusi chenye kioo ambacho mafundi saa hukibana kwenye jicho ili waone meno ya gurudumu lililo dogo kuliko punje ya mchanga. Hakikutoka mfukoni mwake ila kwa kazi. Akapapasa mfuko wa suruali. Akainua macho, akatazama pembeni mwa boneti, kupitia dirisha la dereva lililokuwa wazi. Kioo kilikuwa juu ya dashibodi, mbele ya usukani, kimesimama wima kwa adabu juu ya kitambaa cha uzi ambacho mkewe alikuwa amekishona kwa mkono kupamba gari.

Ndipo jana yote ikamrudia.

Baada ya chakula alikuwa ameanza mzunguko wake wa kila jioni: lango, bomba, gesi. Jioni zake zilifanana mno, akiulizwa ya jana hangeitofautisha na ya juzi. Alipopita mlangoni, mkono wake ukauchukua ufunguo msumarini bila kumwomba ruhusa. Haendi kumpekua mtoto, alijiambia, anakwenda kuangalia milango. Milango ilikuwa imefungwa. Akaifungua, ili ahakikishe inafungika. Ilipokuwa wazi akaona si vibaya aketi. Alipoketi akaona si vibaya atazame mafuta, na sindano ya mafuta hainyanyuki mpaka ufunguo uzungushwe. Akauzungusha. Sindano ikapanda, ikasimama karibu na mstari wa nusu, na sasa swali likawa: iko juu ya mstari, au chini yake kidogo? Maana asubuhi ilikuwa juu.

Hapo ndipo alipotoa kioo cha jicho. Naam. Mtu mzima, baba wa watu, giza linaingia, amekaa peke yake kwenye gari lake mwenyewe, amejikunja juu ya usukani na kioo cha saa jichoni, anapima uaminifu wa mwanawe kwa upana wa unywele.

Sindano ilikuwa juu ya mstari. Alikuwa ameanza kuona haya, ndiyo, na kioo alikuwa amekiweka dashibodini ili auzime ufunguo, mkewe alipoita kutoka ndani: "Baba Kitinda! Saa ya ukutani imesimama!" Kusimama kwa saa nyumbani kwa fundi saa si jambo la kungoja. Alitoka mbio. Aliishusha, akaifungua yote, akapuliza vumbi, akapaka mafuta kila penye kuhitaji na pasipohitaji, na mwisho akagundua kilichokwisha ni betri. Akaweka mpya. Akaenda kulala ameridhika kabisa kwamba nyumba nzima imehakikishwa.

"Shemeji, umeganda," Mjomba akasema. "Umeshikwa na umeme?"

"Hapana."

"Mbona jasho?"

"Jua."

Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachungulia juu ya ukuta wa jirani. Fundi alikipima kile kioo kwa macho. Kilikuwa mbali kama mkono na nusu. Angekuwa amekaa yeye pale kitini, angekifunika kwa kiganja, akakitia mfukoni, na dunia ingeendelea.

"Kitinda, hebu toka," akasema. "Niliwashe mimi."

"Nimekaa vizuri, Baba."

"Gari lenye betri iliyokufa lina namna yake ya kuwashwa."

"Wewe ukiachia hapo, waya unaruka," Mjomba akasema. "Tulia. Anawasha yeye. Ngoja kwanza lori langu lilishe betri yenu kidogo."

Wakangoja. Lori likanguruma, mitungi ikitetemeka nyuma yake. Fundi alisimama na kibanio mkononi kama mtu aliyefungwa mnyororo, akimtazama binti yake kwa pembeni. Alikuwa na krimu kwenye nyusi. Ilikuwa pia kwenye kiwiko. Alikuwa ameamka wakati wengine wamelala, na anachongoja sasa, akidhani baba yake hajui kwamba kosa si lake, ni kuambiwa arudi kwenye pikipiki. Na baba yake anajua. Akinyamaza, hakuna mtu atakayejua zaidi yake. Kioo atakitoa baadaye. Binti atakasirika, atasahau; vijana husahau. Mambo hayo yote Fundi aliyafikiria, tena kwa utaratibu, moja baada ya jingine, kama mtu anayepanga skrubu kwenye kitambaa. Alipofika kwenye skrubu ya mwisho alijikuta hana mahali pa kuitia.

Akafungua mdomo.

"Mama Kitinda," akaanza. "Kuna kitu..."

"Moshi!" Kitinda akapiga kelele. "Moshi, Mjomba, gari linaungua!"

Mjomba akaruka, akang'oa nyaya zote mbili kwa mkupuo mmoja. Mama Kitinda akaja mbio na mwiko. Moshi haukuwa unatoka kwenye boneti. Ulikuwa unatoka juu ya dashibodi, uzi mmoja mwembamba, ulionyooka, wa bluu. Jua lilikuwa limevuka ukuta, limeingia dirishani, limepita katika kile kioo kilichotengenezwa kukuza vitu, na lilikuwa linatoboa kitambaa cha uzi polepole, kwa ustadi, kama fundi.

Mama Kitinda akaingiza mkono dirishani, akakinyanyua kioo. Chini yake kulikuwa na tundu la duara, jeusi pembeni. Akachungulia tundu. Akachungulia kioo. Kisha akageuka akamtazama mumewe.

"Baba Kitinda. Hiki ni nini?"

"Kioo," akasema Fundi.

"Cha nani?"

Swali lile halikuwa na majibu mengi. Katika mtaa mzima, na mitaa ya jirani, mwenye kioo kama kile alikuwa mmoja.

"Nilikuwa ndiyo nasema," akasema.

"Ulikuwa unasema nini?"

"Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mjomba ameniona. Nilisema, 'Mama Kitinda, kuna kitu.' Hicho kitu chenyewe ndicho hicho."

Mjomba alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye gurudumu la lori lake. Alicheka kwanza bila sauti, mabega tu yakipanda na kushuka, kisha sauti ikamjia yote kwa pamoja. "Awe yeyote!" alisema alipopata pumzi. "Sheria haina jamaa! Dada, niletee maji, nitakufa hapa na gesi za watu nimebeba."

"Ulikuwa unafanya nini na hiki ndani ya gari?" mkewe akauliza.

Fundi angeweza kusema mambo mengi. Akasema, "Nilikuwa naangalia mafuta."

"Kwa kioo cha saa."

"Sindano ilikuwa karibu sana na mstari."

"Na ulikuwa umeapa."

"Nilikuwa nimeapa."

Kitinda hakuwa anacheka. Alikuwa ameweka mikono yote miwili kwenye usukani, anamtazama baba yake kupitia dirishani, na hakuonekana kushangaa hata kidogo. Hapo ndipo Fundi alipoelewa ule utulivu wake.

"Ulikiona," akamwambia.

"Nilikiona nilipokaa mara ya pili."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe." Akafuta krimu kwenye nyusi kwa kiganja, akaisambaza zaidi. "Nilijua utakitafuta. Nikasema nione atakachofanya akikipata."

"Nilifungua mdomo, mwanangu."

"Nimeona."

"Kabla ya moshi."

"Kabla kidogo," akasema Kitinda. Hapo akatabasamu, na Fundi aliona tabasamu lile halikumwachilia wala halikumkaba. Mwenyewe hakuwa na uhakika. Alikuwa amefungua mdomo, hilo ni kweli. Ila hakuna njia yoyote, kwa kioo cha aina yoyote, ya kuhakikisha maneno ambayo yangefuata.

"Nisamehe," akasema. "Uzembe ulikuwa wangu. Na maneno niliyokutupia, nayo yalikuwa yangu."

"Haya, Baba. Shika waya."

Wakaunga nyaya upya. Mara hii Kitinda alipoliwasha, gari likakohoa, likakataa, likakohoa tena, likaitika. Mjomba akakunja nyaya zake, akamwonya mpwa wake asilizime kabisa mpaka betri ijae, akamgeukia shemeji yake kumpa mkono. "Mpaka mwaka uishe, Abiria," akasema, na jina la Hakikisha, lililodumu kwa miaka, likapata mpinzani.

Fundi aliposogea upande wa mbele, Kitinda akatikisa kichwa.

"Mbele panakaa boksi la chini, ndilo zito. Nalifunga mkanda. Wewe kaa nyuma na mama, kila mtu ashike ghorofa yake."

Hivyo ndivyo Fundi alivyopita mbele ya duka lake Jumamosi ile, kwenye kiti cha nyuma cha gari lake mwenyewe, na ghorofa ya juu ya keki ya watu mapajani. Kinyozi alikuwa mlangoni akisugua viti vyake kwa brashi. Akainua mkono, akatazama mara ya pili, mkono ukabaki hewani.

"Hapo mbele kuna shimo," Fundi akasema.

"Nimeliona, Baba."

"La kushoto nalo."

"Baba Kitinda," mkewe akasema bila kumtazama. "Shika keki."

Akashika keki. Kitinda aliendesha taratibu, akiyazunguka mashimo kama mtu anayepita chumba chenye mtoto aliyelala, na kwenye kona alipunguza mwendo mapema kuliko ambavyo Fundi mwenyewe angepunguza. Hilo hakulisema. Aliliweka akilini.

Ukumbini, wahudumu wawili wakaja kupokea maboksi. Kitinda na mama yake wakaingia nao, na kabla hajafunga mlango Kitinda akainama dirishani.

"Lisizimwe. Kaa humu ulilinde. Usiguse kitu."

"Nitagusa nini?"

"Ndiyo nasema usiguse."

Akabaki peke yake kiti cha nyuma, injini ikinguruma, mikono ameikalia. Kutoka pale aliiona dashibodi yote, na tundu jeusi kwenye kitambaa, na sindano ya mafuta, iliyokuwa imefika tena karibu na mstari fulani. Alijinyoosha mbele kidogo. Kutoka kiti cha nyuma haikuwezekana kusema ni juu ya mstari au chini. Mkono ukaenda mfukoni. Kioo kilikuwa kwenye mkoba wa mkewe, kimekamatwa kama ushahidi. Akajirudisha nyuma, akaikalia mikono vizuri zaidi.

Walipotoka, meneja wa ukumbi alikuwa nao. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye uso wa mtu aliyeletewa keki nyingi zilizovunjika. Leo uso ule ulikuwa na kitu kinachokaribia furaha.

"Jumamosi ijayo kuna nyingine," alikuwa anamwambia Kitinda, "na ile inayofuata pia. Uje saa hizihizi. Wengine wananiletea vifusi." Akachungulia ndani ya gari, akamwona Fundi amekalia mikono. "Huyu ndiye dereva wako?"

"Hapana," akasema Kitinda. "Huyu ni baba. Yeye bado hajaruhusiwa kuendesha."

Meneja akamtazama Fundi kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu mwenye ugonjwa wa macho, akampungia mkono.

"Shikamoo, Mama," Fundi akajikuta amesema, ingawa alikuwa amemzidi umri kwa mbali. Mkewe akageukia upande mwingine. Mabega yalikuwa yakimtikisika.

Jioni Kitinda aliliingiza gari uani, akazima, akafunga milango. Baba yake alikuwa mezani, mgongo ameuelekeza dirishani kwa makusudi, akitengeneza mkanda wa saa ambao haukuwa na ubaya wowote. Alisikia injini ikinyamaza. Akasikia milango, mmoja mmoja. Binti akapita mlangoni, akapunguza mwendo mbele ya msumari, kisha akautia ufunguo kwenye mkoba wake.

"Nimezima," akasema. "Nimefunga."

"Nimesikia," akasema Fundi, na hakugeuka.

Baada ya chakula alifanya mzunguko wake. Lango alilisukuma kwa bega. Bomba alilikingia kiganja. Jiko alilinusa. Alipofika kwenye dirisha la uani miguu ikasimama yenyewe. Gari lilikuwa nje, limetulia, giza tupu ndani yake. Akakaa pale kidogo.

"Baba!" sauti ya Kitinda ikatoka chumbani.

"Napita tu."

Akapita. Kando ya mlango alikuta msumari, akasimama mbele yake. Haukuwa na kitu. Hilo lilionekana hata kutoka jikoni. Fundi akatazama huku na huku, akaugusa kwa kidole, kuhakikisha, kisha akaenda kulala.